Nimerithi mtandao usio na mchoro, nianzie wapi?

Swali: Shikamoo kaka. Nina miezi miwili tangu niajiriwe kama fundi wa mtandao katika chuo kimoja hapa Tanga. Aliyenitangulia aliondoka bila kuacha mchoro wala orodha ya anwani. Ninachojua ni kwamba tuna swichi za Cisco za zamani, hazipungui kumi, zimetawanyika kwenye majengo matano, na ruta ya MikroTik inayopokea intaneti. Mpaka sasa nimeweza kuingia kwenye swichi moja tu, ile ya chumba cha seva, kwa kebo ya konsoli. Nitajuaje imeunganishwa na nini? Na hizo nyingine nitaziingiaje bila kupanda dari za kila jengo?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Hiyo swichi moja uliyoingia inatosha kuanzia. Vifaa vya mtandao hujuana na majirani zao hata kama mafundi waliovifunga waliachana bila kuagana. Kazi yako ni kuviuliza kimoja baada ya kingine, na kuandika kila jibu kwenye karatasi kabla hujahamia kinachofuata.

Ila kwanza pata ruhusa ya maandishi kutoka kwa mkuu wako, inayotaja kwamba unaruhusiwa kuingia kwenye vifaa vyote vya mtandao wa chuo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahesabu kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini kuwa kosa, na kuwa mwajiriwa wa chuo hakukupi idhini kwa kila kifaa kilichomo chuoni. Hiyo ruta ya MikroTik, kwa mfano, inaweza kuwa ya mtoa huduma wenu wa intaneti. Uliza ni ya nani kabla hujaigusa.

Sasa kaa mbele ya swichi yako, ingia kwenye hali ya msimamizi kwa amri ya enable, halafu andika:

show cdp neighbors

CDP (Cisco Discovery Protocol) ni itifaki, yaani kanuni za mawasiliano, ya Cisco wenyewe, iliyobuniwa mwaka 1994 na Keith McCloghrie na Dino Farinacci. Kila baada ya sekunde 60, kifaa cha Cisco hutoa tangazo fupi kwenye kila poti iliyo hai: jina langu ni hili, mimi ni kifaa cha aina hii, tangazo hili limetokea kwenye poti yangu fulani, anwani yangu ni hii. Kifaa kilicho upande wa pili wa waya hulipokea, hulihifadhi kwa sekunde 180, na hakilipitishi kwa mwingine. Ndiyo maana utaona majirani wa waya mmoja tu, hutaona walio mbele yao. Tangazo hilo halihitaji anwani ya IP kusafiri. Swichi ambayo haijapewa anwani yoyote bado itaonekana, na hilo lishike vizuri kwa sababu tutalirudia.

Jibu utakalopata litafanana na hili:

Device ID    Local Intrfce   Holdtme   Capability   Platform    Port ID
SW-MAKTABA   Gig 0/1         147       S I          WS-C2960-   Gig 0/2

Usome mstari huo taratibu. Jirani anaitwa SW-MAKTABA, ni swichi ya aina ya 2960. Herufi S ndiyo inayosema ni swichi, ingekuwa ruta ungeona R. Sasa angalia poti mbili zilizotajwa. Hapa ndipo nimeona mafundi wengi wakichora michoro ya uongo. Ile ya Local Intrfce ni poti ya swichi uliyokaa nayo wewe. Ile ya Port ID, mwisho kabisa wa mstari, ni poti ya jirani. Kwa hiyo waya unatoka Gig 0/1 ya chumba cha seva na kuingia Gig 0/2 ya maktaba. Ukizigeuza, siku ya kuzima poti utazima isiyohusika.

Namba 147 nayo ina habari. Ni sekunde zilizobaki kabla swichi haijamfuta jirani huyo kwenye kumbukumbu. Ilianza 180, kwa hiyo tangazo la mwisho lilifika sekunde 33 zilizopita. Kwa kuwa matangazo huja kila sekunde 60, kwenye waya mzima namba hiyo hucheza kati ya 120 na 180. Rudia amri hiyo mara kadhaa. Ukiikuta 95 au 70, ujue kuna tangazo lililopotea njiani, na waya huo unahitaji kuangaliwa kabla watu wa maktaba hawajaanza kulalamika.

Ukishaandika majirani wote, ongeza neno moja:

show cdp neighbors detail

Hapa utapata anwani ya IP ya kila jirani, toleo la programu yake, na kama poti inatuma na kupokea kwa wakati mmoja au kwa zamu. Hili la mwisho usilipite. Upande mmoja ukiwa umewekwa kufanya yote kwa pamoja na wa pili kwa zamu, mtandao haukatiki, ila unasuasua, na watu hukaa na tatizo hilo miaka wakiamini intaneti ndiyo mbovu. CDP hulitambua na kuandika %CDP-4-DUPLEX_MISMATCH kwenye kumbukumbu za swichi. Tafuta maneno hayo kwa show logging. Ukiyakuta, umepata ukarabati usiogharimu hata shilingi.

Ukiwa na anwani ya SW-MAKTABA unaingia huko, unauliza swali lile lile, unarudi kwenye karatasi, unaendelea. Na huko maktaba hakikisha jambo moja: chumba cha seva kinaonekana kwenye Gig 0/2, na kinasema waya umetoka Gig 0/1? Mstari wa mchoro uchore kwa kalamu pale tu pande zote mbili zinapokubaliana. Kabla ya hapo, penseli.

Pande mbili zisipokubaliana, mara nyingi ni kwa sababu ya kifaa cha katikati kisichosema. Tuseme poti moja ya swichi yako inaonyesha majirani wawili. Waya mmoja hauwezi kuwa na ncha tatu, kwa hiyo hapo katikati kuna swichi ndogo isiyo na akili, zile za poti tano au nane zinazouzwa madukani, imefichwa chini ya meza ya mtu. Swichi ya namna hiyo haielewi CDP, inalichukulia tangazo kama fremu yoyote ile na kulimwaga kwenye poti zake zote. Mimi huzitafuta hizo kwa kuangalia majirani pacha kwenye poti moja, kisha naenda kwenye ofisi husika na kuinama chini ya meza. Huko, samahani, itabidi uende kwa miguu.

Usishangae pia CDP ikikaa kimya. Andika show cdp. Ikijibu kwamba haijawashwa, aliyekutangulia aliizima, na unaiwasha kwa cdp run ukiwa kwenye hali ya kubadili mipangilio (configure terminal). Jirani naye anaweza kuwa si wa Cisco. Hapo ndipo LLDP inapoingia, itifaki ya watengenezaji wote, iliyotolewa na IEEE, chama cha wahandisi kinachoweka viwango, mwaka 2005 kwa jina la 802.1AB. Kazi yake ni ile ile, ila kwa kawaida hutangaza kila sekunde 30 na kumbukumbu yake hudumu sekunde 120. Kwenye swichi nyingi za Cisco haijawashwa tangu kiwandani, kwa hiyo utaandika lldp run, utasubiri dakika moja, kisha show lldp neighbors. LLDP inapishana na CDP pale penye swichi ndogo ya chini ya meza: anwani inayotumia tangazo lake imo kwenye kundi ambalo swichi inayofuata kanuni haitakiwi kulipitisha. Ukiona jirani kwa CDP halafu kwa LLDP haonekani, na zote mbili zimewashwa pande zote, una sababu nyingine ya kushuku kwamba kuna kitu katikati.

Ruta za MikroTik zinasema lugha zote hizo mbili, na ya tatu ya kwao inayoitwa MNDP, inayopita UDP poti 5678. Isipokuwa kama imezuiwa, utaiona moja kwa moja kwenye orodha ya CDP ya swichi iliyochomekwa. Na ukiruhusiwa kuiingia, yenyewe itakuonyesha majirani zake kwa /ip neighbor print. Programu ya WinBox nayo ina ukurasa wa majirani unaoorodhesha kila MikroTik iliyo kwenye mtandao ule ule, na unaweza kuiingia kwa kubofya anwani yake ya MAC, ile iliyopewa kiwandani, hata kama haina anwani ya IP. Kwa fundi aliyekosea kuweka anwani, huo ni msaada mkubwa sana. Kwa mwanafunzi mwenye udadisi na kompyuta yake mpakato, nao ni mlango. Tutaufunga.

Sasa nikujibu la pili, kuingia. Kumwona jirani na kumfikia ni mambo mawili tofauti. CDP haihitaji IP, lakini Telnet na SSH, njia mbili za kuingia kwenye kifaa ukiwa mbali, haziendi popote bila IP. Ili uiingie swichi ya maktaba kutoka chumba cha seva, swichi ya maktaba iwe na anwani, yako iwe na anwani, na njia kati yao iwe wazi. Kama ziko mitandao tofauti, kila swichi inahitaji pia kujua lango la kutokea, ambalo huwekwa kwa ip default-gateway. Mafundi wengi wapya husahau lango la upande wa pili: ombi linafika, swichi ya mbali inataka kujibu, haijui jibu ilipitishie wapi.

Jaribu kwanza kwa ping, amri ya kuuliza kama kifaa kinafikika. Ikijibu, andika kutoka kwenye swichi yako:

ssh -l fundi 10.10.0.12

Badala ya fundi weka jina la mtumiaji lililopo, na anwani iliyotajwa na CDP. Ukikataliwa, soma sababu, maana kila moja ina maana yake. Ukiambiwa Connection refused by remote host, swichi ipo na inasikia, ila haikubali njia hiyo. Pengine inakubali Telnet peke yake. Jaribu telnet 10.10.0.12. Ukiambiwa Password required, but none set, umefika mlangoni, lakini mlango huo haujawekewa nywila, na Cisco haimruhusu mtu wa mbali apite mlango usio na nywila. Ukiambiwa imechelewa kujibu, rudi kwenye anwani na lango. Kwa hali hiyo ya kukosa nywila, na kwa swichi isiyo na anwani kabisa, hakuna ujanja: chukua kebo ya konsoli, weka kasi ya 9600, nenda kwenye jengo. Lakini sasa unakwenda ukijua ni jengo gani na poti gani.

Ukiwa ndani ya swichi ya mbali na unataka kurudi kwenye yako bila kukata, bonyeza Ctrl, Shift na 6 kwa pamoja, achia, kisha bonyeza x. Amri ya show sessions itakuonyesha milango uliyoiacha wazi, na disconnect itaifunga. Ifunge kweli. Nimekuta swichi ambazo nafasi zote za kuingilia zilishikiliwa na vikao vilivyosahaulika, na fundi aliyehitaji kuingia siku ya dharura akazuiwa.

Nimekutajia Telnet kwa sababu huenda ndiyo pekee utakayoikuta kwenye swichi hizo za zamani. Itumie kuingia mara moja, uweke SSH, kisha uizime. Hili ninalisisitiza kwa moyo wote. Telnet hupeleka kila herufi unayobonyeza kama ilivyo, bila kuisimba. Niliwahi kulionyesha mbele ya mhasibu mkuu wa ofisi moja: niliwasha Wireshark, programu ya kunasa na kusoma pakiti, kwenye kompyuta iliyokuwa njiani, mwenzangu akaingia kwenye ruta kwa Telnet, na nywila ikajitokeza kwenye skrini herufi baada ya herufi, kila herufi na pakiti yake, kama mtoto anayesoma silabi. Bajeti ya swichi mpya ilipita wiki hiyo hiyo. SSH yenyewe ilizaliwa kwa sababu hiyo. Mwaka 1995 Tatu Ylönen aliiandika baada ya nywila kunaswa kwenye mtandao wa chuo kikuu chake huko Finland. Chuo, mdogo wangu, kama chako.

Kwenye kila swichi utakayoingia, mipangilio ya SSH ni hii:

hostname SW-MAKTABA
ip domain-name chuo.local
crypto key generate rsa modulus 2048
ip ssh version 2
username fundi privilege 15 secret (nywila yako)
line vty 0 15
 login local
 transport input ssh

Mstari wa mwisho ndio unaofunga Telnet. Usiuandike kabla hujafungua dirisha la pili na kuthibitisha kwamba SSH inaingia; lile la kwanza liache wazi mpaka uhakikishe. Swichi ikikataa neno crypto, angalia jina la faili la programu yake kwa show version. Lisipokuwa na k9 ndani yake, toleo hilo halina usimbaji na inabidi lisasishwe. Jambo lingine litakalokusumbua ni kwamba kompyuta mpya zinakataa mbinu za zamani za usimbaji, zikilalamika kwamba hazikuona njia ya kubadilishana funguo. Kwenye Linux utapita kwa kuongeza -oKexAlgorithms=+diffie-hellman-group1-sha1 kwenye amri ya ssh. Itumie kwa swichi hizo peke yake, usiiweke kuwa kawaida ya kompyuta yako.

Kubadili mipangilio ukiwa mbali kuna hatari nyingine, na hii nilijifunza kwa machungu. Nilikuwa Dodoma, nimeingia kwa SSH kwenye swichi ya taasisi moja huko Singida. Nilitaka kuongeza VLAN 30 (VLAN ni mtandao uliotengwa ndani ya swichi zile zile) kwenye poti ya tranki, ile inayobeba VLAN nyingi kwa pamoja, inayounganisha majengo mawili. Amri ni switchport trunk allowed vlan add 30. Mimi niliandika bila add. Swichi ilitii nilichoandika: ikafuta VLAN zote zilizokuwa zinaruhusiwa, ikabakiza 30 peke yake, na VLAN ya usimamizi niliyokuwa napitia ikaondoka nazo. Skrini iliganda papo hapo. Ilikuwa jioni, mlinzi hakuwa na ufunguo wa chumba ili azime na kuwasha swichi, na jengo zima lilikaa bila mtandao mpaka kesho yake niliposhuka kwenye basi na kebo ya konsoli begani.

Tangu siku hiyo sigusi kifaa cha mbali bila kwanza kuhifadhi hali nzuri iliyopo, kisha kuandika:

reload in 10

Swichi itajiwasha upya baada ya dakika kumi na kurudia mipangilio iliyohifadhiwa. Fanya badiliko lako bila kuhifadhi. Ukijifungia nje, subiri, itakurudishia mlango. Mambo yakienda sawa, andika reload cancel, ndipo uhifadhi kwa copy running-config startup-config. Kwenye MikroTik bonyeza Ctrl na X kuingia hali ya usalama. Ukikatika, mabadiliko yanajifuta yenyewe.

Vifaa visivyojitangaza, kama printa, kamera na kompyuta za kawaida, vitafute mwishoni. Jedwali la show mac address-table litakuambia anwani ipi iko poti ipi, na herufi sita za mwanzo hutaja mtengenezaji, ingawa simu za siku hizi hubuni anwani za bandia. Ukihitaji orodha ya haraka ya vilivyo hai, programu ya nmap, kwa amri ya nmap -sn 10.10.0.0/24, inatosha, kama tu ruhusa yako inaitaja.

Mchoro ukikamilika, punguza maneno ya vifaa hivi. Matangazo yaliyokusaidia wewe yanamsaidia pia mwenye nia mbaya aliyechomeka waya darasani: yanamtajia aina ya swichi, toleo la programu na anwani. Februari 2020 kampuni ya Armis ilitangaza kasoro tano katika namna vifaa vya Cisco vinavyosoma CDP, wakaziita CDPwn. Kwa hiyo acha CDP kati ya swichi na swichi, na uizime kwenye poti za madarasa kwa no cdp enable. Penye simu za mezani za Cisco iache, maana kwayo simu hujua VLAN ya sauti. Kwenye MikroTik weka matangazo yatokee upande wa usimamizi peke yake kwa /ip neighbor discovery-settings, na usiache poti 8291 ya WinBox ikionekana kutoka nje. Mwaka 2018 tundu moja kwenye huduma hiyo lilimwezesha mtu wa mbali kusoma faili lenye nywila, na ruta ambazo hazikusasishwa ziliingiliwa kwa wingi. Mwisho, ziruhusu swichi zipokee SSH kutoka mtandao wa mafundi tu, kwa access-class kwenye line vty.

Nakala moja ya mchoro ibandike ndani ya mlango wa kabati la chumba cha seva, yenye tarehe, nyingine mkabidhi mkuu wako. Nywila ziende kwenye bahasha iliyofungwa, kwenye sefu ya chuo. Anza na maktaba. Jirani wa kwanza akikugomea, niandikie maneno yaliyotokea kwenye skrini neno kwa neno, ukiwa umefuta nywila, nitakuambia mlango gani umefungwa.